Kwa nini kiriba kimoja cha majani marefu tunauza elfu 12

Ijumaa iliyopita baada ya sala kaniletea voisi mzee mmoja wa Chukwani hapa Unguja, mteja wetu, mtu mwenye heshima zake, voisi ya dakika nne nzima na ndani yake neno mumeniibia limetoka mara tatu. Alinunua kwetu viriba 40, yaani mifuko ya miche, vya majani marefu ya pambo, yale ya zambarau, mwanzo wa Januari, akatoa laki nne na thamanini taslimu, na sasa Februari inaisha anasema yote yamekauka. Na kilichoniuma zaidi ni pale aliposema mwanangu, majani! Majani yamejaa Cheju ng'ombe wanayakanyaga bure, nyinyi mnatuuzia elfu 12 kiriba kimoja na bado yanakufa.

Nimeamua kujibu hapa maana si yeye peke yake. Mama alianzisha kitalu hichi Bumbwisudi kwa miasumini, mikilua na milangilangi, na miaka yote ile sikumbuki mtu kumwambia mama bei ya mwasumini ni wizi. Tulipoanza mie na kaka yangu kuotesha majani ya pambo ndo maneno yakaanza, kwa sababu mtu akisikia majani anafikiria kitu cha kufyeka.

Jumamosi asubuhi tukaenda Chukwani. Sikutaka kujibizana kwenye simu, huwezi kumwambia mtu kosa ni lako na shimo hujaliona. Tumefika, shikamoo mzee, marahaba, kahawa ikaletwa, afu akatupeleka ukutani. Ni ukuta wa mita 30 hivi, na chini yake nikaona vishina vidogo vidogo vimepangwa mistari, vikavu, rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Nikaanza kuhesabu, nilipofika 100 nikaacha. Mzee, si tulikuuzia 40? Akamwita kijana wake wa bustani aeleze.

Kijana wala hakuficha. Kila kiriba alikichana, akalilaza shina, akalikata kwa panga mapande manne kama unavokata mkate wa kumimina, 40 zikawa 160, na mzee akafurahi kuwa ameokoa pesa. Nilikichimbua kimoja kwa mkono, hakikutaka hata nguvu kimekuja chenyewe. Vijiti viwili vya majani unene wa kalamu, chini yake nyuzi tatu za mizizi na mbili zimekatika katikati, udongo wote wa kiriba alishaukung'uta ili apate kuona pa kukata. Nikakibana kwa kucha pale chini penye uhai wake, pakavu mpaka ndani, panalia kama bua. Nikampa mzee naye akabana. Hapo hakusema kitu, akanisogezea kiti.

Sasa nieleze. Kugawa shina si kosa, sisi wenyewe ndo kazi yetu. Haya majani ya zambarau, kitaalamu ni Pennisetum, yanatoa mashuke mazuri kama mikia lakini mbegu zake haziwi, huwezi kuokota shuke ukamwaga ukapata miche, njia yetu ni moja tu, kugawa. Lakini tunagawa mvua zikishaingia, hatugawi kiangazi, tunagawa shina lililokaa ardhini miaka miwili, na kipande hakiwi kidogo kuliko ngumi ya mtu mzima, kiwe na vijiti nane au kumi na mizizi yake ya kushika. Majani ya juu tunayapunguza yabaki shubiri moja, maana jani refu linakunywa maji na mizizi iliyojeruhiwa bado haiwezi kuyaleta. Afu kinaingia kiriba, kinakaa chini ya kivuli cha makuti wiki tatu, ndo taratibu tunakisogeza juani. Miezi mitano. Ukikiona kiriba chetu mizizi imejaa mpaka inachungulia kwenye vitundu vya chini ujue hiyo ndo miezi mitano uliyoilipia, na ukikikata mapande manne siku hiyohiyo umeirudisha yote sifuri, tena juani, tena Januari, kaskazi inavuma na mvua hakuna.

Na hiyo elfu 12 ina kiriba chenyewe, udongo wa kinongo tunaonunua kwa gari, samadi ya ng'ombe iliyolala miezi sita ikapoa (mbichi inaunguza mizizi, tushaona), makumbi ya kusaga ili udongo usigandamane, tukuza (umeme wa kulipia kabla) ya pampu ya maji kila wiki, vijana wawili wana familia zao, na vipande vinavyokufa, maana katika kumi tunavyogawa tukipata saba wazima tunasema alhamdulillah. Vile vitatu mteja havioni lakini sisi tumevimwagilia kama vingine. Kwa hivo mtu akiniambia majani ya Cheju ni bure namwambia ndio, ni bure kuyang'oa.

Nirudi kwa mzee. Ukuta wa mita 30, mistari miwili ya kupishana, shina hadi shina sentimita 80, unahitaji mashina 75. Ndo hesabu tuliyompa siku ya kwanza, laki tisa. Akaona nyingi akachukua 40. Kwa kweli hapa na sisi tuna letu, tulijua ni kiangazi, tulimwambia asubiri masika, akasema ana harusi na wageni wanatoka Maskati, na tukamuuzia. Tungekataa. Kwa hivo tumekubaliana masika tunamletea 75 kwa elfu 10 kimoja na tunapanda wenyewe bila malipo ya upandaji. Laki saba na nusu hizo, ukijumlisha na zile za mwanzo anafika 1,230,000 kwa kazi ambayo ilikuwa laki tisa, na hapo sijahesabu maji ya boza aliyokuwa akinunua kumwagilia vijiti vilivyokwisha kufa. Kupanda karibu karibu pia ni kosa lingine, watu wanataka bustani ijae wiki ya kwanza. Shina hili likishakua linatanuka zaidi ya nusu mita, ukiyabananisha yananyimana hewa na ya katikati yanaoza wakati wa masika.

Sasa wale wa maweni, Paje, Jambiani, mpaka Makunduchi huko, kwenu ugomvi ni shimo. Mnatuuliza mbona kwenye ankara kuna kuchimba na kuna udongo, ati mnatuuzia mpaka udongo? Ndio tunauza, kwa sababu hapo mlipo ukipiga jembe linalia, shubiri moja ya udongo afu jiwe. Fundi wetu anachimba kwa mtaimbo nusu mita kwenda chini na nusu mita upana, siku nzima mtu mmoja akipata mashimo 12 kafanya kazi. Kuna nyumba ya wageni moja upande huo walikataa kulipia mashimo, wakachimba wenyewe vikombe, wakatia mashina yetu mazuri kabisa, masika yakapendeza watu wanapiga picha, kiangazi kilipoingia mizizi haina pa kwenda, jiwe linachemka, mwezi mmoja yote chini. Na maji yao ya kisima yana chumvi. Upepo wa bahari majani haya yanastahamili kiasi chake, lakini maji ya chumvi kila siku mizizini hapana, utaona ncha zinaungua kwanza halafu inashuka.

Mwengine yeye mashimo alichimba vizuri sana, ila udongo akaona auchukue bondeni kwa jamaa yake, bure, gari mbili. Udongo mweusi mzuri wa kuangalia, na ndani yake ndago. Ambao hamuijui ndago vizuri: juu ni kijani chembamba tu unaking'oa unatupa, chini imeacha punje nyeusi ngumu, na punje ile imeunganishwa kwa uzi na nyengine, na nyengine, ukivuta taratibu zinakuja kama tasbihi, na moja ikikatika ikabaki basi inaanza upya. Baada ya mwaka huoni tena majani ya zambarau, unaona ndago imepita katikati ya kila shina, na huwezi kupiga jembe maana unakata shina lako. Tulilazimika kung'oa mashina yote, kuyaosha mizizi kwenye karo la maji moja moja, kutoa udongo wote na kutia mwengine. Kazi ile ilimgharimu zaidi ya mara tatu ya udongo aliokataa kununua kwetu. Udongo wetu tunauchekecha, na kabla ya kutumika unakaa chini ya turubai ukimwagiliwa wiki kadhaa tuone nini kinaota.

Kuna wateja wengine, hasa wa mahoteli, wanakuja na picha. Bustani za Ulaya na Marekani, majani yamepita kichwa cha mtu, dhahabu, yanalala na upepo. Nayapenda picha hizo na mie. Yale ni majani ya mbuga za katikati ya Marekani, zinaitwa prairi, Kansas na Nebraska na majimbo ya jirani, yapo yanayopita mita 2 juu na mizizi inateremka mita 3 chini. Zamani mbuga hizo zilikuwa bahari nzima ya majani, leo zile za majani marefu zimebaki chini ya asilimia 4, nyingine nyingi zimelimwa mahindi na soya, na kipande kikubwa kilichosalia kiko vilima vya Flint Hills, Kansas, na kimesalia kwa sababu chini ni mawe plau haikuweza. Watu wa maweni mtawaelewa hao.

Sasa mtu anaagiza mbegu zake nje, anatuletea anataka tumuoteshee tu, ati tumpunguzie bei kwa vile mbegu ni zake. Nimeshafanya. Pakti limeandikwa Panicum virgatum, mbegu zake zina tabia ya kulala, kwao zinapita majira ya baridi chini ya udongo ndo zinaamka, kwa hivo nilizifunga na mchanga wa maji maji nikaziweka friji mwezi mzima. Zikaota, sikatai, nyingi tu. Yakafika goti. Yalipofika goti yakatoa mashuke na yakasimama hapo hapo, hayakuongezeka tena. Mteja kanuna, anasema nimeyanyima mbolea. Si mbolea. Majani yale yanahesabu mchana. Kansas mchana wa katikati ya kiangazi chao unakaribia masaa 15, na mchana ukishaanza kupungua ndo jani linajua wakati wa kutoa mbegu umefika. Sisi hapa tuko digrii 6 kusini ya ikweta, jua linatoka saa 12 linazama saa 12 mwaka mzima kwa tofauti ndogo sana, kwa hivo jani likiota tu linajiona limechelewa, linatoa mashuke bado dogo. Samadi ya Unguja nzima haiwezi kurefusha mchana. Nilimrudishia nusu ya pesa kwa sababu sikupenda anune, lakini kazi nilifanya yote, na tangu hapo mbegu za kuletwa simuoteshei mtu. Na kuna suala la ukaguzi wa mimea bandarini na uwanja wa ndege, mbegu kwenye begi la nguo si kitu cha kuchezea, kisiwa hichi ni kidogo, ugonjwa mmoja ukiingia unafika kila shamba.

Kwa sababu hiyohiyo lile Pennisetum la kijani, linalotoa mbegu zinaruka na upepo, hatuuzi hata mtu atoe elfu 50. Asili yake ni Afrika hii hii, lakini lilipopelekwa Hawaii kwa ajili ya bustani likatoka bustanini likajaa kwenye miamba mpaka leo wanapigana nalo, na likikauka linawaka. Mashina yetu ya zambarau unayapanda hapa mwaka huu, mwakani yako hapohapo.

Na hapa kwenye kuwaka naomba mnisikilize vizuri. Miaka miwili nyuma hoteli moja, sitaji jina, tuliwapandia mashina karibu 100, yalikuwa mazuri mno. Mwezi wa Julai msimamizi akaona yamechoka, majani makavu mengi ndani, na badala ya kutuita akaona vidio ya wakulima wa Kansas wanachoma mbuga zao majira ya mchipuo, ni kweli wanachoma na majani yanarudi kijani, yale yamezoea moto tangu na tangu. Akatia kiberiti. Julai, kusi inavuma, mita tatu kutoka banda la makuti. Aliyewahi kuona kuti kavu likishika moto hahitaji kuhadithiwa, banda limekwisha kabla ya mpira wa maji haujafika, na lingekwenda la pili kama vijana wa kijijini hawakupanda juu kulivua. Hakuna alioumia, alhamdulillah. Mashina yetu nayo yakafa zaidi ya nusu, haya ya zambarau si ya Kansas, moto unaingia kwenye moyo wa shina. Na mtu akanipigia mie simu kuniuliza kwa nini tuliwauzia majani yanayowaka! Jani lolote kavu linawaka jamani. Moto wa Lahaina kule Hawaii, Agosti 2023, ulikimbia kwenye majani makavu ya kigeni yaliyoachwa bila kukatwa ukala karibu mji mzima. Tangu siku ile ya simu hatupandi chini ya mita 5 kutoka makuti, hata mteja agombe, na nimepoteza oda mbili kwa sharti hilo na sijuti.

Kukata kwenyewe ni kazi ndogo ukijua. Mara moja kwa mwaka, katikati ya Machi kabla ya masika kushika. Unalifunga shina kamba kiunoni kama unafunga mzigo wa kuni, unashika mundu uliopigwa tupa vizuri, unakata shubiri moja kutoka ardhini, mzigo wote unakuja na kamba yake hakuna jani linalomwagika. Msipige fyekeo chini kabisa mpaka udongo uonekane, maji ya masika yanaingia kwenye moyo yanaozesha. Vaeni glavu na mikono mirefu. Majani yaliyokatwa wekeni chini ya migomba au mpeni mwenye banda la kuku, msiyarundike karibu na nyumba.

Na wale mnaoniletea picha mnasema yamekufa katikati, pembeni kijani na katikati kipara, hayajafa wala hamjaibiwa. Shina likifika miaka mitatu au minne linazeeka moyo na uhai unahamia pembeni. Hapo ndo wakati wa kulichimbua lote na kuligawa, la kwako hilohilo linakupa matano mazuri, na tukija kugawa sisi tunachukua elfu 4 kwa shina, hatukuuzii mapya. Wengi hamjui tunafanya kazi hii kwa sababu hamuulizi, mnanunua tena kwengine.

Kama bajeti ni ndogo niambieni wazi, sioni tabu. Nina jani la vetiva, elfu 3 kiriba kimoja, linasimama refu na zuri, halitoi mbegu za kusambaa, mizizi inateremka moja kwa moja chini hata ukuta wako uko kwenye mteremko linashika udongo, na chumvi linastahamili kuliko yale ya zambarau. Au mchaichai, elfu 2, bibi zetu wote walikuwa nao penye bomba la maji na hakuna aliouita majani, ukipanda mstari mmoja mrefu na kuukata vizuri unapendeza kuliko watu wanavodhani, na chai unapata. Kuna nyumba Mazizini tumechanganya, vetiva nyuma, ya zambarau mbele machache tu, 18, mchaichai mlangoni, na mwenye nyumba hakufika laki tatu.

Oda za masika tunaanza kupokea wiki hii mpaka mwisho wa Machi, tunapanda mvua ikishalowesha udongo kina cha kiganja. Ukija kitaluni njoo na urefu wa ukuta au sehemu yako kwa mita, picha ya udongo, na umbali wa kutoka banda la makuti kama lipo. Na kabla ya kuja chimba shimo moja la nusu mita, jioni lijaze maji, asubuhi nenda kaangalie kama yameondoka. Kama yapo bado niambie kabla hujalipa. Mzee wa Chukwani kashachimba lake, jana kaniletea picha, maji yameondoka yote, na pembeni ya shimo kasimama yule kijana wake na rula ya fundi anapima sentimita 80.